Sanduku Lisilopunja: Kuisoma Stardew Valley Ukiwa Ufipa

Kitu kizuri kuliko vyote ndani ya Stardew Valley si muziki wake, si maua, wala si ile harusi ambayo wachezaji wengi wanaikimbilia. Ni sanduku la mbao. Liko hatua chache kutoka mlangoni kwa mkulima. Ulichovuna unakitumbukiza humo, unaenda kulala, na asubuhi hela unayo. Hakuna dalali, hakuna mzani, hakuna "rudi wiki ijayo, bosi hayupo". Nimeicheza gemu hii kwenye simu, hapa Sumbawanga, kwa zaidi ya mwaka sasa, na kila nikijiuliza kwa nini imenikaa moyoni kuliko riwaya nyingi nilizosoma kipindi hicho hicho, jibu linanirudisha kwenye sanduku lile.

Najua wapo watakaoguna. Tumezoea kujadili riwaya na diwani, sasa gemu imeingiaje? Imeingia kwa sababu ina wahusika, ina wakati unaopita na ina kifo. Imeingia pia kwa sababu inahusu jambo ambalo fasihi yetu haijawahi kuliacha: mtu na shamba lake, na nani anakula jasho la nani.

Kwa asiyeijua, Stardew Valley ilitoka tarehe 26 Februari 2016. Aliyeitengeneza ni Mmarekani mmoja, Eric Barone, peke yake: programu, michoro, muziki na maongezi yote ya wahusika. Ilimchukua zaidi ya miaka minne, na kwa sehemu ya muda huo alikuwa akijikimu kwa kazi ya kuwaelekeza watazamaji kwenye viti katika ukumbi mmoja wa maonyesho mjini Seattle. Ya simu za Android ilifuata mwaka 2019. Mfano aliokuwa akiufuata ni Harvest Moon, gemu ya Kijapani ya mwaka 1996. Mbunifu wa hiyo, Yasuhiro Wada, alikulia mashambani, akahamia Tokyo, akaanza kukumbuka kwao. Kwa hiyo mzizi wa aina hii ya gemu ni mtu wa mjini anayekumbuka kijijini. Tulishike hilo, maana nguvu yake na udhaifu wake vyote vinatoka hapo.

Hadithi inaanza na babu mgonjwa kitandani. Anamkabidhi mjukuu bahasha iliyofungwa na kumwambia asiifungue mpaka siku atakapoona maisha yamemlemea. Miaka inapita. Mjukuu ameajiriwa na kampuni kubwa iitwayo Joja, amekaa mbele ya kompyuta kwenye kijichumba cha ofisi, na wenzake wamepangwa hivyo hivyo safu kwa safu. Siku hiyo anaifungua. Babu amemwachia shamba, nje ya mji mdogo wa pwani uitwao Pelican Town. Anapanda basi, anakwenda. Anakuta magugu, mawe na visiki, na mkuu wa mji anamwachia pakiti ya mbegu 15 za kuanzia.

Kuanzia hapo hakuna vita kuu wala ufalme wa kuokoa. Kuna siku tu. Unaamka saa kumi na mbili asubuhi, unamwagilia, unalisha kuku, unapita mjini kusalimia, unarudi. Ikifika saa nane usiku hujalala, unaanguka palepale. Siku moja ya gemu ni kama dakika 14 za kwetu, na utaishi mamia ya siku hizo.

Barone anajua kumchora mtu kwa maneno machache. Pam alikuwa dereva wa basi. Basi limekufa, kazi hana, jioni yuko baa. Binti yake Penny anafundisha watoto wawili wa mji na anaona aibu ya trela wanaloishi. Shane anapanga bidhaa kwenye duka la Joja, na ukimsalimia mara ya kwanza anakujibu kama vile umemkanyaga. Ukimzoea, utafika siku ya mvua utamkuta amelala ukingoni mwa jabali, amelewa, anafikiria kujitupa. Kent mwaka wa kwanza hayupo kabisa, yupo vitani, mkewe analea watoto. Mwaka wa pili anarudi, hapigiwi tarumbeta, na mlio wa bisi zinazopasuka jikoni unatosha kumvuruga.

Riwaya nayo inaweza kufanya hayo, tena kwa kina zaidi. Tofauti iko kwenye wakati. Riwaya nyingi zinakwenda kwa "ali-": Pam alikwenda baa, Penny alilia. Gemu hii yote iko kwenye "hu-". Pam huenda baa. Penny husoma chini ya mti. Linus, mzee anayeishi kwenye hema kwa hiari yake, hukaa karibu na moto wake. Mwandishi wa riwaya anakuambia "kila jioni Pam alikuwa baa" na anaendelea na mambo yake. Barone anakufanya uingie baa kila jioni umkute. Ukishamkuta mara mia, siku basi linapotengenezwa na ukamkuta kituoni, moyo unashtuka. Ni tukio dogo mno kuliandikia sura ya kitabu, ila uzito wake unatokana na jioni mia zilizotangulia.

Ndiyo maana gemu hii inaumiza watu waliofiwa. Mtu akifa, "ali-" yake inabaki: alisoma, alioa, alijenga. Kinachokatika ni "hu-". Huamka saa kumi na moja. Hutia chumvi kwenye chai. Huuliza "mvua imefika huko?" kabla ya kuuliza habari za watoto. Hayo hakuna mtu anayeyasoma kwenye wasifu wa marehemu.

Sasa tuilete gemu hii kwetu, kwenye uwanda wa Ufipa, mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari. Rafiki zangu wa Dar hawaachi kunitania: mtu wa Sumbawanga, mji ambao jina lake lenyewe hutafsiriwa "tupa uchawi", gemu yenye mchawi kwenye mnara ya nini tena? Mchawi wa Pelican Town ni mpole, hana shida. Shida iko kwenye udongo.

Gemu haina Kiswahili, kwa hiyo huwa namtafsiria mpwa wangu wa darasa la sita anapokaa pembeni yangu. Tunakwama mapema, kwenye majira. Yako manne, kila moja siku 28. Kamusi inanipa masika, kiangazi, vuli na kipupwe, lakini masika ya Barone ni maua na masika yetu ni matope. Kipupwe chake kina theluji, karibu hakuna kinachoota nje, mkulima anakwenda kuvua samaki. Kwetu Juni na Julai upepo wa uwandani unachoma masikio na watu wanavaa makoti, lakini huo ndio wakati mahindi yanapotoka shambani na kutafuta mnunuzi. Mkulima hapumziki. Ndiyo kwanza mtihani wake unaanza.

Halafu udongo wenyewe. Kwenye gemu unalima kijiraba cha ardhi, unapanda, unavuna, unapanda tena palepale, miaka nenda rudi, na udongo hauchoki. Mbolea unaweza kuweka ili mazao yawe na ubora zaidi, lakini usipoweka hufi njaa. Wafipa wa zamani hawakuwa na ndoto hiyo. Nyasi zilikusanywa wakati ardhi bado ina unyevu, zikafukiwa kwa udongo kwenye vilima vya duara viitwavyo intumba, zikaachwa zioze humo, na msimu unaofuata vilima vikasambazwa na kupandwa. Mkulima alikuwa anafanya kazi ya mwaka huu kwa ajili ya mwaka ujao, kwa sababu alijua ardhi ina kumbukumbu na ukiinyima itakunyima. Ardhi ya Barone haina kumbukumbu. Ni ardhi ya mtu aliyeikumbuka kutoka mbali.

Mpwa wangu aliona jambo jingine kabla yangu. "Mjomba, mbona hawa watu hawaendi kumsaidia kulima?" Kweli. Unawapelekea wenyeji zawadi, mbili kwa wiki kila mmoja, mioyo yao inajaa, wanakuita rafiki, na hakuna hata mmoja anayekuja na jembe. Ukioa au kuolewa, mwenzi wako atamwagilia siku mojamoja. Basi. Huku uwandani watu walizoea kupika pombe ya ulezi na kuita majirani. Walilima pamoja, walikunywa pamoja, na kesho yako ilikuwa kwa mwingine. Urafiki ulipimwa kwa mgongo uliokuja kuinama shambani kwako. Gemu inayosifiwa dunia nzima kwa kuonyesha maisha ya jumuiya imetunga jumuiya ambayo kazi ni ya mtu mmoja.

Mtu anaweza kusema: ni gemu, acha watu wapumzike. Sawa. Lakini ona jinsi fasihi yetu ilivyokataa kulifanya shamba mahali pa kupumzikia. Katika Dunia Uwanja wa Fujo ya Kezilahabi, ya mwaka 1975, Tumaini naye ni mrithi, naye anaishia kuwa na shamba kubwa; linapochukuliwa wakati wa Ujamaa anaua, na yeye ananyongwa. Miaka minne baadaye, kwenye Gamba la Nyoka, Kezilahabi alirudi kwenye vijiji na watu waliohamishwa. Kwa waandishi wetu shamba lina mipaka, lina amri kutoka juu, lina mtu anayekuja kuchukua.

Ila tunaye pia Shaaban Robert, na yeye ndiye aliyenisaidia kuielewa Stardew Valley. Kusadikika, ya mwaka 1951, ni nchi iliyo angani, haipo, na mwandishi anakuambia hivyo bila kuficha. Karama anashtakiwa huko kwa kutaka kufundisha sheria. Msomaji wa Tanganyika ya wakoloni hakuwa na haja ya kuelezwa kwa nini hadithi ya nchi isiyopo ilimgusa. Nchi ya kufikirika inakuonyesha kile ambacho nchi yako halisi imekunyima. Kwa hiyo swali la kuiuliza Stardew Valley si "je, inafanana na shamba la kweli?" Haifanani, tumeshaona. Swali ni: imewaza haki gani? Na hapo tunarudi kwenye sanduku.

Sanduku lile linanunua kila kitu. Ukiweka boga moja au maboga mia tano, bei ya kila moja haishuki. Mkuu wa mji anakuja usiku kubeba, na kabla siku mpya haijaanza unaonyeshwa orodha: mazao kiasi hiki, samaki kiasi hiki, jumla hii. Anayapeleka wapi? Mji una watu kama thelathini, hawawezi kumaliza maboga yale hata wakila asubuhi na jioni. Gemu haijibu. Inamchora Joja kama adui, kampuni inayomeza miji midogo, halafu nyuma ya pazia inajiwekea mnunuzi asiyeonekana, asiyechoka, asiyepunja, mwenye hela taslimu. Hilo soko ni la kimiujiza kuliko mchawi na mnara wake.

Rukwa ni kati ya mikoa inayotegemewa kwa mahindi nchini, na NFRA, wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, ina maghala yake hapa mjini. Mahindi si haba. Lakini mkulima mdogo anayehitaji ada ya shule mwezi wa saba hawezi kusubiri, anauza kwa atakayefika na lori kwanza. Atakutana na lumbesa: gunia lililoshindiliwa mpaka likaota kichwa, likashonwa kwa kamba juu, na bado linahesabiwa gunia moja. Na amri ya kufunga mpaka, kama ile ya mwaka 2017 iliyozuia mahindi kwenda nje, inaweza kubadili thamani ya stoo nzima bila mtu kugusa jembe.

Marehemu baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mkulima, kama walimu wengi wa huku. Alituachia ekari sita, jozi moja ya maksai na kaunta buku tatu. Humo ndani kuna safu alizochora kwa rula: tarehe, kazi iliyofanyika, gharama, gunia, bei. Kila kitu kimeandikwa kwa kalamu ya wino isipokuwa bei. Safu ya bei aliandika kwa penseli. Mwezi wa tano anaandika anayoitumaini. Mwezi wa saba anafuta, anaandika aliyoambiwa na mnunuzi. Mwezi wa tisa anafuta tena. Kuna ukurasa mmoja karatasi imefutwa mpaka imekuwa nyembamba, ukiinua juu unaona mwanga. Ni mwaka ambao mnunuzi mmoja alichukua gunia 22 kwa ahadi, akalipa nusu.

Nilikuwa nimeshacheza gemu kwa miezi kadhaa nilipozifungua kaunta buku hizo, na ninakiri sikuwa nimeelewa gemu mpaka hapo. Ile orodha ya mapato ya usiku, ambayo wachezaji wengi wanaipita kwa kubonyeza haraka, ndiyo kaunta buku ya baba kama ingeandikwa yote kwa wino. Kinachonigusa katika Stardew Valley ni hicho. Mandhari ninayo dirishani: Milima ya Mbizi ninaiona kila asubuhi bila bando. Ambacho sijawahi kukiona ni mtu kufanya kazi leo na kesho asubuhi akaandika bei yake kwa wino.

Kuna tukio la mwisho la kulisema. Mwanzoni mwa mwaka wa tatu, mzimu wa babu unakuja shambani kupima kazi ya mjukuu wake, na mishumaa inawashwa kwenye madhabahu yake, isiyozidi minne. Usiporidhika, unaweza kumtolea almasi akupime upya. Watu wengi wamelia hapo, na mimi ni mmoja wao, nikiwa nimekaa kitandani na simu ina chaji asilimia tisa. Marehemu kurudi, akatembea shambani kwake, akaangalia! Lakini nilipotulia niliona ni hapo hapo gemu inapojikwaa. Fungu kubwa kuliko mengine katika maksi za babu ni hela ulizoingiza. Mtu aliyekuambia ukimbie Joja anarudi kukukagua kwa hesabu ya Joja. Katika nchi yenye sanduku lisilopunja, hilo ni haki: aliyefanya kazi atakuwa nacho. Huku kwetu kipimo hicho kingemfelisha baba, ambaye sijamwona mtu aliyemzidi kwa kufanya kazi.

Je, gemu inaweza kubeba upande huo mwingine? Nadhani inaweza. Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, alijifunza kutengeneza gemu kwa kompyuta ambayo mama yake aliiwekea akiba ya dola 300 kwa miaka mitatu. Alitembea saa tatu kwenda kuichaji. Gemu yake, Salaam, inakupa miguu ya mkimbizi: unakimbia, unahitaji maji, chakula, dawa. Wazo lake ni kwamba maji unayoyanunua humo ndani kwa hela yako yawe msaada kwa mtu halisi kambini. Sanduku la Barone lina upande mmoja, unatumbukiza na huoni ng'ambo. Mayen alijiuliza ng'ambo kuna nani.

Kwa hiyo nawashauri mwicheze Stardew Valley. Ukishaipakua haihitaji bando, ina ucheshi, na wahusika wake watabaki nanyi. Msiicheze kama picha ya kijiji, maana kijiji hakimo. Ichezeni kama mnavyosoma Kusadikika, mkiuliza kila mnapofurahi: hiki kinachonifurahisha, kwa nini sina?

Ekari sita za baba bado zipo. Kwenye kundi letu la WhatsApp dada alitaka tuuze, kaka alitaka tulime zote, na gemu ilikuwa imeshanipa shauku ya kumuunga mkono kaka. Kaunta buku zikanishika mkono. Tumekubaliana kukodisha nne na kulima mbili, mahindi na maharage, hesabu zikiandikwa. Na kama kuna kijana popote, Mbeya, Nairobi au Kampala, anayetengeneza gemu ya mkulima wa Afrika Mashariki, nina ombi moja tu kwake. Mvua aipange anavyotaka, kuku awape rangi anazopenda. Safu ya bei aiandike kwa penseli.